Nataka kwenda kuishi mwenyewe Mbeya mjini, nyumbani wanasema sina shukrani

BARUA

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 29, mzaliwa wa Wilaya ya Rungwe, katika kijiji kilicho mbali kidogo na mji wa Tukuyu. Nakuomba usitaje jina langu wala la kijiji, kwa sababu jamaa zangu wengi husoma safu yako.

Kabla ya ajali nilikuwa nanunua parachichi kwa wakulima na kuzipeleka kuuza soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini. Siku moja gari tulilopanda pamoja na mizigo lilipinduka kwenye mteremko, nami nikaumia uti wa mgongo. Nililazwa kwa muda mrefu, na niliporuhusiwa nilikuwa siwezi tena kutembea. Kuanzia kiunoni kushuka chini sina nguvu na sisikii kitu, lakini mikono yangu ni mizima kabisa. Natumia kiti mwendo, na mkojo najitoa mwenyewe kwa mpira kama wauguzi walivyonifundisha.

Tangu wakati huo naishi nyumbani kwetu na mama, kaka yangu, wifi na watoto wao, pamoja na mpwa wangu mwenye miaka 16, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye yuko kidato cha tatu. Siwezi kusema kwamba wamenitesa. Kaka ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili nitibiwe, na mama alilala sakafuni kando ya kitanda changu wiki nyingi. Lakini nyumba yetu iko kwenye mteremko, choo kiko nyuma ya migomba, na kwa jinsi mvua ya Rungwe inavyonyesha, njia ya kwenda huko ni matope kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kiti mwendo hakipiti. Nikitaka kwenda chooni, kaka hunibeba mgongoni, au wifi na mpwa wangu hunishika huku na huku. Wasipokuwepo natumia ndoo chumbani, na wifi ndiye anayekuja kuimwaga. Kanisani nakwenda pale tu anapopatikana kijana wa kunishusha hadi barabarani.

Dada, nilivumilia yote hayo. Lililonishinda ni siku nilipogundua kwamba wanawake wenzetu wa kwaya wanajua mambo ya mwili wangu ambayo niliamini yanajulikana na wifi peke yake. Mmoja alinipa pole kwa jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu. Sikulala usiku ule. Sikumuuliza wifi hadi leo, kwa sababu ndiye anayeniogesha, na nikigombana naye sijui nani ataniogesha.

Katika kukaa ndani nilijifunza kushona. Natumia cherehani ya umeme, kile kikanyagio nakiweka juu ya meza na kukibonyeza kwa kiwiko, na kazi yangu inasifiwa. Rafiki yangu niliyefanya naye biashara zamani sasa ana chumba cha ushonaji karibu na soko la Mwanjelwa, anashona sare za shule, na amezidiwa na oda. Ameniambia nije, atanipa meza, tutagawana mapato, na ameniangalizia chumba cha kupanga jirani na kwake kwa Sh 40,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Rafiki amesema yeye mwenyewe atakuwa ananisaidia asubuhi kabla ya kufungua kazi na jioni baada ya kufunga.

Nilipoliweka jambo hili mezani, kaka alikasirika sana. Alisema watu watasema wamenitupa, kwamba mjini nitageuzwa ombaomba, na kwamba nikiondoka nisirudi kumwomba anibebe. Mama hakukataa moja kwa moja, ila ametoa sharti kwamba niende na mpwa wangu ili awe ananihudumia, hata kama itabidi aache shule kwanza. Nakiri kwamba sharti hilo halikunichukiza. Binti huyo ananijua, ana heshima, na hajawahi kunisema nje.

Ninachotaka ni kuishi kwa kujitegemea, nisimsumbue mtu yeyote tena. Je, natafuta haki yangu, au ni kweli kwamba nimekosa shukrani? Na je, nimchukue mpwa wangu?

Ni mimi, msomaji wako wa Rungwe.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nakushukuru kwa kuniamini na mambo ambayo hujaweza kuyasema hata ndani ya nyumba yenu.

Nikikuelewa vizuri, una kazi inayokusubiri mjini na una mikono ya kuifanya. Nyumbani unapendwa, lakini huko kupendwa kumeambatana na kubebwa, kuogeshwa, na sasa kusemwa nje. Kaka anaona kuondoka kwako kama aibu itakayomwangukia yeye, na mama anakubali kwa sharti ambalo gharama yake italipwa na binti wa miaka 16. Umeniuliza kama una haki na kama una shukrani. Nitayajibu yote mawili kwa kadiri ninavyoweza, lakini naona chini yake kuna swali la tatu ambalo hujaliandika, nalo ni hili: ni nani atakayekusaidia kitu gani, saa ngapi ya siku, kwa makubaliano gani, na asipotokea utafanya nini? Ukilijibu hilo kwa ukamilifu, hayo mengine yatapungua uzito.

Naanza na maneno yako kwamba unataka usimsumbue mtu yeyote tena. Nayaelewa yanatoka wapi, maana mtu aliyesubiri kubebwa kwenda chooni kwa miaka anajua kusubiri kunavyochosha. Hata hivyo nakuomba uyaangalie upya, kwa sababu nahofia yatakuumiza ukiyachukua kama kipimo. Watu waliolianzisha dai la kuishi kwa kujitegemea, na kulipigania hadi likaingia katika sheria za nchi nyingi, hawakuwa watu wasiohitaji msaada. Ed Roberts, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha kwanza cha aina hiyo katika mji wa Berkeley, California, mwaka 1972, aliugua polio akiwa na miaka 14, akapooza kuanzia shingoni, na alihitaji mashine ya kumsaidia kupumua. Alivishwa na watu, alilishwa na watu, na bado alisoma chuo kikuu na baadaye akaongoza idara ya serikali ya jimbo lake. Alichodai yeye na wenzake ni kwamba mwenye mwili ndiye aamue nani amsaidie, kwa namna gani na wakati gani. Ukiliangalia kwa jicho hilo, utaona kwamba kilichokuumiza zaidi si kwamba wifi anakuogesha. Hukuwahi kumchagua yeye kwa kazi hiyo, naye pia hakuwahi kuulizwa kama anaiweza.

Kuhusu haki, jibu liko wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika Ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua mahali pa kuishi na mtu wa kuishi naye kama watu wengine, na kwamba apatiwe huduma za kumwezesha kuishi ndani ya jamii. Mwaka uliofuata nchi yetu ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kwa hiyo kaka yako hawezi kukuzuia, na sidhani kama yeye mwenyewe anaamini kwamba anaweza. Lakini sitaki nikudanganye. Kuna nchi, Sweden ni mojawapo, ambako tangu mwaka 1994 sheria inampa mtu mwenye ulemavu mkubwa msaidizi wa kila siku anayelipwa kwa fedha za umma. Hapa kwetu utaratibu huo haupo. Sheria itakutetea ukibaguliwa, lakini haitakuletea mtu wa kukuchotea maji saa kumi na mbili asubuhi, na huyo inabidi umtafute na umlipe wewe, au mpatane naye kwa njia nyingine.

Ndiyo maana nakusihi, kabla ya kumtumia mwenye nyumba hata shilingi moja, ukae na daftari uandike siku yako nzima kuanzia unapofumbua macho hadi unapolala, tendo kwa tendo. Mbele ya kila tendo andika kama unaweza kulifanya peke yako sasa hivi, kama ungeweza kulifanya peke yako mahali pangetengenezwa, au kama kweli linahitaji mikono ya mtu mwingine. Nimejaribu kufanya hivyo kwa kufuata barua yako, na nimeona jambo ambalo huenda hujaliona kwa sababu umelizoea. Sehemu kubwa ya unachoita kusumbua watu inaletwa na matope, mteremko na choo kilicho nyuma ya migomba. Mwanamke mwenye mikono yenye nguvu, anayejitoa mkojo mwenyewe, akiwa na choo kilicho usawa mmoja na chumba chake na kigoda imara cha kuogea, anaweza sana kuoga bila wifi. Kinachohitajika hapo ni kujifunza kuhama kutoka kwenye kiti kwenda kitandani na kwenda kwenye kigoda bila kuanguka. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa utengamao, yaani wanaomfundisha mtu aliyeumia kujimudu tena, nao wanapatikana katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kama hukupata mafunzo hayo ulipotoka hospitali, au uliyapata ukiwa bado na maumivu, omba rufaa uyapate sasa, hata kama mwishowe utaamua kubaki Rungwe.

Nadhani baada ya zoezi hilo utabaki na mambo machache yanayohitaji mtu, kama vile kuchota maji, kufua mashuka, kubeba gunia la mkaa na kusukumwa mahali penye mlima. Kazi hizo zinaweza kufanywa na mama wa jirani kwa saa chache kwa siku, kwa ujira mnaopatana mbele ya shahidi, akijua anaanza saa ngapi na anamaliza saa ngapi. Ujira huo uuingize kwenye hesabu zako tangu mwanzo pamoja na kodi, chakula, mipira ya mkojo, sabuni na nauli ya bajaji siku za mvua, ndipo uone kama mgawo wa mapato aliokuahidi rafiki yako unatosha.

Hapa ndipo nafika kwa mpwa wako, na nitakaa hapa kidogo. Umesema sharti la mama halikukuchukiza, nami nathamini ukweli wako. Lakini katika barua yote nimesoma anachotaka mama, anachotaka kaka, anachotaka rafiki yako na mwenye nyumba, na sijasoma popote anachotaka binti huyo. Yuko kidato cha tatu, kwa maana hiyo mtihani wa kidato cha nne hauko mbali. Ada ya shule za serikali imeondolewa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na tangu mwaka 2022 hadi kidato cha sita, kwa hiyo umaskini wa ada pekee haumlazimishi kuacha masomo. Akiacha, neno "kwanza" alilolitumia mama yako ni zito, kwa kuwa mabinti wengi wanaoacha shule kwa muda ili wahudumie mtu nyumbani hawarudi. Naye ni yatima. Mtoto wa namna hiyo hujua kwamba analala kwa hisani ya wakubwa, na ni vigumu kwake kusema hapana hata akiulizwa kwa upole. Fikiri pia juu yako mwenyewe. Ulichoumia nacho ni kuhudumiwa na mtu ambaye hakuchagua kazi hiyo na hakuwa na njia ya kuikataa, na mpwa wako akiingia mahali pa wifi, atakuwa amekaa palepale, akiwa mdogo zaidi na mwenye nguvu ndogo zaidi ya kulalamika.

Sisemi kwamba ni lazima abaki Rungwe. Inawezekana akahamishiwa shule ya Mbeya, akalala kwako, akakusaidia kama mtoto yeyote anavyosaidia nyumbani, na akaenda shule kila siku. Kwa baadhi ya familia mpango wa namna hiyo umekuwa baraka kwa wote wawili. Hatari yake ni kwamba siku mama wa jirani atakapougua, atakayebaki nyumbani ni yeye, na kesho yake tena. Ukichagua njia hiyo, ipange kana kwamba hayupo. Mtu wa kukuhudumia asubuhi awe mwingine, na yeye awe mwanafunzi anayeishi na mama yake mdogo.

Kuhusu rafiki yako, nimefurahi kusoma habari zake, na sina sababu ya kumtilia shaka. Ninachokiona ni kwamba atakuwa ndiye mwenye meza unayoshonea, ndiye mgawaji wa mapato, ndiye jirani, na ndiye mikono yako asubuhi na jioni. Siku mtakayopishana juu ya hesabu za sare, utapoteza vyote kwa pigo moja, na kwa kulijua hilo utajikuta unanyamazia mambo usiyoyapenda, kama unavyomnyamazia wifi. Afadhali awe na nafasi moja au mbili katika maisha yako, hizo nyingine zishikwe na watu wengine. Na makubaliano ya mapato yaandikwe, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari, mkiwa bado mnapendana.

Watu wengine hao utawapata wapi? Ofisi ya kata ina au inahudumiwa na afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii. Wote wawili uwafahamu, wa kule unakotoka na wa kule unakokwenda. Mwenyekiti wa mtaa ajue kwamba umehamia na unaishi vipi. Sheria ya mwaka 2010 inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, na mahali ambapo kamati imelala, mara nyingi inaamshwa na mtu mmoja aliyekwenda kuuliza iko wapi. Tafuta pia wenzako. Chama cha Walemavu Tanzania, CHAWATA, na shirikisho la vyama vyote, SHIVYAWATA, ndiko utakakokutana na mwanamke mwingine wa kiti mwendo ambaye tayari anaishi Mbeya, anayejua mtaa gani una njia inayopitika, dereva gani wa bajaji anajua kukunja kiti, na fundi gani anatengeneza gurudumu. Mimi siwezi kukupa maarifa hayo, na hakuna ofisi itakayokupa. Ukifika Iringa siku moja, pita Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako mafundi wenye ulemavu wanafuma, wanashona na kuuza kazi zao. Utawaona watu wa nyanda zetu hizi wanaolipa kodi kwa kazi ya mikono yao.

Halmashauri nayo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na ndani yake asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Inaweza kukupatia cherehani yako mwenyewe, jambo ambalo lingekupunguzia utegemezi kwa rafiki yako. Ila mkopo usio na riba bado ni deni. Nisingependa uuchukue katika miezi ya mwanzo, kabla hujajua mapato yako yanapanda na kushuka namna gani, hasa kwa kuwa oda za sare za shule huja kwa msimu.

Sasa chumba chenyewe. Hujaniambia kama umekiona, au umeonyeshwa picha tu. Mtume mtu mwenye futi akapime. Mlango wa chumba na mlango wa choo uwe na nafasi ya walau sentimeta 80, na kama kuna kizingiti cha sentimeta 15, mteremko salama wa kukipanda peke yako unahitaji urefu wa karibu mita 1.8, nao lazima uwe na pa kukaa bila kuziba njia ya wapangaji wengine. Kama choo ni cha kuchuchumaa, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kiti cha chuma chenye tundu cha kuweka juu yake. Mweleze mwenye nyumba yote hayo kabla ya kulipa, na akikubali aandike. Wapo watakaokataa, na wapo watakaokubali kisha wakaona ni sababu ya kupandisha kodi. Kwa ajili hiyo, miezi sita kwa mkupuo inanitia wasiwasi. Omba mitatu, au omba ukae kwanza kwa rafiki yako kwa muda kama mgeni, uone.

Yako mambo mawili ya afya ambayo ningekosa usingizi nisipokuandikia. La kwanza ni vidonda vya mgandamizo. Mtu asiyesikia kitu makalioni akizama kwenye kazi ya kushona hukaa saa nzima bila kujiinua, na kidonda kinachoanza kama doa dogo kinaweza kuchimba hadi mfupani na kukulaza kwa miezi. Jiinue kwa mikono kila baada ya dakika 15 hadi 30, hata kama mteja amesimama mbele yako, na kila jioni kagua ngozi kwa kioo. Huko nyumbani huenda kuna mtu anayekuona mgongo bila wewe kuomba, na mjini hayupo. Homa inayokuja pamoja na mkojo mchafu au wenye harufu kali isisubiri kesho. La pili ni baridi. Unaijua Mbeya ya Juni na Julai, na unajua watu wanavyoingiza jiko la mkaa chumbani. Miguu isiyosikia huungua bila taarifa, na moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu waliolala. Nunua blanketi na soksi nzito, jiko libaki nje. Pia jirani mmoja unayemwamini awe na ufunguo wako wa pili.

Ipo njia nyingine ambayo hujaitaja. Je, umefikiria Tukuyu mjini? Ungekuwa karibu na mama, kaka angeweza kukufikia kwa pikipiki, na mpwa wako angekuja mwisho wa wiki. Wateja watakuwa wachache kuliko Mwanjelwa na mvua ni ileile, lakini barabara ya lami ipo. Na kama ungebaki nyumbani, je, familia ingekubali kujenga choo kilichoungana na chumba chako, na njia ya saruji hadi barabarani? Huenda jibu ni kwamba hakuna fedha. Hata hivyo ningependa swali hilo liulizwe kwa sauti, kwa sababu kaka anayesema watu watasema amekutupa anastahili kupewa nafasi ya kuonyesha namna nyingine ya kutokutupa.

Sasa swali lako la shukrani, ambalo nililiacha nyuma. Kaka aliuza ng'ombe ili upone, na mtu anayetaka mwenzake apone hutaka pia ainuke. Naamini maneno yake kwamba usirudi aliyasema kwa hasira na hofu, lakini usiondoke yakiwa yamelala hapo. Mwombe mjomba, au mzee wa kanisa anayeheshimiwa na nyote wawili, awakalishe, na uombe jambo moja dhahiri, kwamba chumba chako kibaki chako. Kwa wifi nenda wewe mwenyewe. Alikosea kutoa siri ya mwili wako na una haki ya kumwambia hivyo. Lakini sijui kama kuna mtu katika nyumba hiyo aliyewahi kumuuliza amechokaje, na inawezekana kule kwaya alikuwa anatafuta mahali pa kutua mzigo akatua na visivyo vyake. Ungemwanza kwa kumshukuru kwa ile ndoo, kisha ukamweleza kilichokuuma, nadhani mazungumzo yangeenda mahali tofauti na unapohofia. Lifanye hilo baada ya kujifunza kuoga mwenyewe, ukiwa huna cha kupoteza kwa kusema kweli.

Na mama muulize ni saa ipi ya siku anayoiogopa. Akina mama wakisema "nenda na mtoto" mara nyingi wana picha moja kichwani, ya usiku umeanguka na hakuna anayesikia. Ikiwa ndiyo hiyo, jirani mwenye ufunguo na simu yenye chaji vinaweza kumtuliza kuliko binti aliyetolewa shuleni, na akikutembelea akaona unavyohama kitandani mwenyewe atakuwa na neno jingine la kumwambia kaka yako.

Ukiona ni vyema kujaribu, jaribu wakati wa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, ili uzijue njia za mtaa zikiwa kavu na uwe na muda wa kurekebisha zitakapolowa. Niandikie tena ukishapima ile milango.